Jinsi ya kutumia "incredulous" bila kulichanganya na "incredible": mwongozo kamili

"The goal was incredulous." Sentensi za namna hii huandikwa hata na watu wanaokimudu Kiingereza vizuri. Mwandishi alitaka kusema bao lilikuwa la ajabu, bao lisiloaminika. Alichoandika ni kwamba bao lenyewe lilikataa kuamini. Bao haliamini wala halikatai. Anayeamini au kukataa ni mtu aliyekaa jukwaani akalitazama likiingia.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mwanafunzi anayesoma riwaya za Kiingereza, mtafsiri wa habari, na kila anayeandika ripoti kwa Kiingereza huku mawazo yakimjia kwa Kiswahili. Nina hakika na jambo moja: anayejua Kiswahili ana kipimo cha kulitambua kosa hili ambacho Mwingereza mwenyewe hana. Kipimo hicho kiko kwenye hatua ya tatu, na ukiwa na haraka anza hapo.

Hatua ya kwanza: shika maana yenyewe

"Incredulous" ni kivumishi cha mtu ambaye, pale pale anapoambiwa au kuona jambo, haamini au hataki kuamini. Kuna jambo lililoletwa mbele yake: habari, bei, dai, ahadi. Kuna kulikataa jambo hilo moyoni. Na kuna kukataa huko kujitokeza nje, usoni au katika sauti. Hili la mwisho ndilo husahaulika, kwa sababu kamusi zinaweza kukupa "asiyeamini" zikaishia hapo. Mtu aliyekaa na mashaka yake kimyakimya kwa miezi haitwi "incredulous". Neno hili linataka nyusi zilizopanda, mdomo uliobaki wazi, na ile "Ati nini?" inayotoka kabla mtu hajajizuia.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipigiwa simu kuarifiwa kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Baadaye alieleza kwamba alidhani mtu anamfanyia mzaha. Kwa Kiingereza unaweza kuandika: "Gurnah was incredulous when he heard the news." Gurnah hakuamini alichokisikia. Na habari yenyewe je? "The news was incredible." Tukio ni moja, simu ni moja, lakini kivumishi cha kwanza kinamfuata msikilizaji na cha pili kinaifuata habari.

Mara nyingi neno hili hubeba pia kiasi cha kupinga. Soma sentensi hii: "You paid how much?" she asked, incredulous. Mwanamke huyu haulizi bei kwa sababu hakusikia. Amesikia vizuri sana. Anauliza kwa kuwa bei imemkwama kooni, na angependa aambiwe kwamba amesikia vibaya. Kwa Kiswahili tungesema "Umelipa ngapi?" sauti ikipanda kwenye neno la mwisho. Ukisoma riwaya ya Kiingereza ukaona mhusika anarudia maneno ya mwenzake kama swali, tazama jirani hapo. "Incredulous" au "incredulously" haiko mbali.

Hatua ya pili: ujue mzizi, utakusaidia kukumbuka

Mzizi ni kitenzi cha Kilatini "credere", yaani kuamini. Kutoka hapo Warumi walikuwa na "credulus", mtu mwepesi wa kuamini, na kwa kutanguliza kiambishi cha kukanusha wakapata "incredulus". Kiingereza kimechukua ukoo mzima: "creed" ni tamko la imani, "credible" ni kitu kinachoaminika, "credentials" ni vyeti vinavyomfanya mtu aaminike, na "credit" ya benki ni mkopo, kwa maana mkopeshaji ameamini kwamba utalipa. Wakatoliki wanaoimba Misa kwa Kilatini wanaijua "Credo": ndiyo ile Nasadiki.

Katika Biblia ya Kilatini, kwenye Yohana 20:27, Yesu anapomwambia Tomaso asiwe mtu asiyeamini, neno lililotumika ni hilo hilo, "incredulus". Mchoraji Caravaggio alilichora tukio hilo mwanzoni mwa karne ya 17, na kwa Kiingereza mchoro wake, ambao sasa uko Potsdam nchini Ujerumani, huitwa "The Incredulity of Saint Thomas". Tomaso ameinama, kidole kimeingia kwenye jeraha, paji la uso limejaa makunyanzi. Ukitaka kulijua neno hili kwa macho badala ya maneno, utafute mchoro huo mtandaoni uutazame uso wa Tomaso kwa muda.

Hata hivyo, usije ukalitumia neno hili leo kwa mtu asiye na dini. Kwa huyo Kiingereza kina "unbeliever" na maneno mengine. Tahadhari hii inawahusu zaidi ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, maana "incrédule" ya Kifaransa inabeba maana zote mbili: anayeshangaa bila kuamini, na asiyeamini mambo ya dini. Kiingereza cha sasa kimebaki na ile ya kwanza. Wasomaji hao hao lakini wana msaada ambao wengine hawana: "incrédule" na "incroyable" zinatengana sawasawa na "incredulous" na "incredible".

Hatua ya tatu: pima kwa "-ika"

Chukua kitenzi "amini". Mtu anayekataa ni mtu asiyeamini. Kitu kinachokataliwa ni kitu kisichoaminika. Tofauti yao imo katika silabi moja, ile "-ik-" ya kauli ya kutendeka, ambayo hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeikosea. Tunasema mwandiko unasomeka, mzigo unabebeka, habari inaaminika. Hatusemi habari inaamini. Kiingereza kinafanya kazi hiyo kwa viishio "-able" na "-ible": mwandiko ni "readable", habari ni "credible". Kiishio "-ulous" cha neno letu hakina kutendeka ndani yake. Kinaeleza hali ya mtu mwenyewe.

Basi, kabla ya kuandika, iseme sentensi yako kwa Kiswahili. Ukisikia "-aminik-", andika "incredible". Ukisikia "-amini" tupu, andika "incredulous".

Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kasi ile ilikuwa isiyoaminika. Kuna "-ik-", kwa hiyo "an incredible pace". Tuseme mtazamaji mmoja aliitazama saa hakuamini. Hakuna "-ik-", kwa hiyo "an incredulous spectator". Unaweza hata kuyaweka maneno yote mawili katika sentensi moja, na kila moja likakaa mahali pake: "Incredulous spectators watched an incredible run."

Kipimo hiki kinakuokoa pia kwenye muundo unaowaangusha wengi kuliko yote: "It is incredulous that..." Haufai. Hiyo "it" inasimama badala ya jambo, na jambo haliamini, haliaminiki tu. Andika "It is incredible that..."

Sasa kuna maneno ambayo si mtu lakini yanakubali "incredulous" bila shida: "look", "stare", "expression", "voice", "tone", "laugh", "gasp". Mwanafunzi makini atauliza, je, jicho linaamini? Haliamini, lakini limetoka kwa mtu anayekataa kuamini, nalo linaonyesha hali yake. "He gave me an incredulous look" ni kusema alinitazama kama mtu asiyeamini, na humo hakuna "-ik-". Kwa hiyo liulize neno kama linatoka mwilini au kinywani mwa mtu. Kicheko kinatoka. Sauti inatoka. Bei, chakula, mandhari na hali ya hewa havitoki, na hivyo haviwezi kuwa "incredulous" hata siku moja.

Kuna atakayeleta hoja kwamba Shakespeare alilitumia neno hili kwa maana ya kisichoaminika. Ni kweli. Katika tamthilia ya "Twelfth Night", Malvolio anataja "no incredulous or unsafe circumstance", na anazungumzia jambo, wala hazungumzii mtu. Lakini katika sehemu ya pili ya "Henry IV" Shakespeare huyo huyo anamfanya mwana wa mfalme aseme "the incredulous world", yaani walimwengu wasioamini kwamba atabadilika, na maana hiyo ya pili ndiyo iliyoshinda. Ukiandika leo kwa mtindo wa Malvolio, mhariri atakusahihisha na msahihishaji wa mtihani anaweza kukukata alama. Mimi nakushauri umwachie Malvolio.

Hatua ya nne: jenga sentensi

Muundo mwepesi kuliko yote ni kuliweka baada ya "be", "look", "sound" au "seem". "She sounded incredulous": sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeamini. Ukitaka kutaja kilichosababisha, tumia "at" kabla ya nomino, au "that" kabla ya sentensi nzima. "The farmers were incredulous at the price of fertiliser": wakulima walisikia bei ya mbolea wasiamini masikio yao. "Fans were incredulous that the match had been called off": mashabiki hawakuamini kwamba mechi imefutwa. Usiandike "incredulous with" wala "incredulous for". Ukikutana na "incredulous of" kwenye kitabu cha zamani, ielewe, lakini usiiige.

Waandishi wa riwaya hupenda kuliweka mwishoni baada ya koma, kama ulivyoona kwa yule mwanamke aliyeuliza bei. Muundo huo ni mzuri kwa sababu msomaji anaisikia kwanza sauti ya mhusika, ndipo aambiwe hali yake. Utumie kwenye insha za masimulizi, lakini si kila baada ya mazungumzo. Mara moja katika kurasa kadhaa inatosha.

Kielezi chake ni "incredulously", na hufuatana na vitenzi kama "ask", "stare", "laugh" na "shake one's head".

Nomino ndiyo ninayotaka uishike zaidi ikiwa unaandika habari au ripoti. Nomino ni "incredulity", na faida yake ni kwamba inakuruhusu kuanza sentensi na jambo badala ya mtu bila kuvunja sarufi. Huwezi kusema tangazo lilikuwa "incredulous", lakini unaweza kusema "The announcement was met with incredulity", yaani tangazo lilipokewa na watu wasioamini walichosikia. Magazeti ya Kiingereza yanaupenda sana muundo huu. Vilevile kuna "a look of incredulity", uso wa kutoamini.

Kuhusu kukazia: "utterly incredulous" na "almost incredulous" ni za kawaida. "Very incredulous" si kosa, ila ni dhaifu, kwa kuwa neno lenyewe tayari lina nguvu.

Hatua ya tano: litamke

Silabi ni nne na mkazo uko kwenye ya pili: in-KRE-ju-las. Baadhi ya Waingereza husema in-KRED-yu-las. Ulimi wetu umezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo utavutwa kusema in-kre-JU-las. Uzuie. Katika nomino mkazo unahama: in-kre-DYU-li-ti. Kwenye tahajia, kumbuka mwisho ni "-lous", pasipo "i" kati ya "l" na "o".

Hatua ya sita: litenganishe na majirani zake

"Sceptical", ambalo Wamarekani huliandika "skeptical", ndilo linalochanganywa sana na neno letu baada ya "incredible". Mwenye hali hii ana shaka, lakini shaka yake imetulia, ina sababu, na inaweza kudumu miaka. Kumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mchungaji mzee iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu. Daktari aliyesema tusubiri ushahidi wa vipimo alikuwa "sceptical". Mtu aliyeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba foleni ya magari kule porini inapimwa kwa kilomita, akajibu "Acha bwana!", huyo alikuwa "incredulous". Wa kwanza anapima. Wa pili amepigwa na jambo ghafla.

"Astonished" na "amazed" ni za mtu aliyeshangaa, lakini aliyeshangaa anaweza kuwa ameshaamini. Anastaajabu kwa sababu anajua ni kweli. "Incredulous" bado hajafika huko.

"Suspicious" ni anayehisi hila. Muuzaji akikupunguzia bei kupita kiasi, unakuwa "suspicious": unaamini kabisa kwamba anakuuzia kwa bei hiyo, ila unahofia kuna jambo limefichwa.

"Credulous" ni kinyume halisi cha neno letu, naye ni mtu anayeamini kila anachoambiwa, kama yule anayesambaza kila ujumbe wa WhatsApp wenye habari za fedha za bure. Uwe mwangalifu, kwa sababu ni neno la kumdharau mtu. Usimwandikie mteja wala mwalimu ukidhani unamsifu kwa uaminifu. Kwa uaminifu Kiingereza kina "trustworthy" na "honest".

Mwisho ni "incredible" na "not credible". Kwa mzizi ni kitu kimoja, lakini kwa matumizi zimeachana mbali. "Incredible" imekuwa neno la sifa: India ilipoanzisha kampeni ya utalii ya "Incredible India" mwaka 2002, iliwaambia wageni kwamba nchi ni ya ajabu, haikumaanisha kwamba nchi haiaminiki. Kwa hiyo kwenye ripoti rasmi, ukitaka kusema ushahidi hauaminiki, usiandike "incredible evidence", kwani msomaji anaweza kuelewa kwamba ushahidi ni mzuri ajabu. Andika "the evidence is not credible". Waangalizi wa uchaguzi wanaotaka kusema uchaguzi ulikuwa wa kuaminika huandika "credible", na wanaotaka kusema haukuwa hivyo huandika "not credible" au "lacked credibility". Kwenye maandishi yenye uzito wa aina hiyo, neno moja lisilo mahali pake linaweza kugeuza maana ya ukurasa mzima.

Hatua ya saba: litafsiri kwa Kiswahili bila kulikaza

Usihangaike kutafuta kivumishi kimoja cha Kiswahili. Lugha yetu hali hii huieleza kwa kitenzi, kwa mwili, au kwa mlio wa mdomoni, na tafsiri nzuri huchagua kimojawapo kulingana na mahali.

Kwenye habari, kitenzi kinatosha: "hawakuamini walichosikia", "hakuamini macho yake", "haikumwingia akilini". Kwenye simulizi, tumia mwili: akaduwaa, akamkodolea macho, akabaki mdomo wazi, akatikisa kichwa. Kwenye mazungumzo una utajiri ambao Kiingereza kingeuonea wivu: "Ati nini?", "Wee!", "Acha bwana!", "Wacha!" ya Nairobi, na kule pwani "Wallahi?", ambayo inamtaka msemaji aape kabla ya kuaminiwa. Mhusika akishasema "Wallahi?", msomaji amekwisha kujua kwamba haamini, huna haja ya kuongeza "alisema kwa kutoamini".

Tuchukue sentensi hii: "She's eighty," he said. Asha stared at him incredulously. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa: "Ana miaka themanini," alisema. Asha alimtazama kwa kutoamini. Maana imefika lakini sentensi imelala. Ukiandika "kwa mshangao" umepoteza kukataa kwake, na ukiandika "kwa mashaka" umemgeuza Asha kuwa "sceptical". Mimi ningeandika: "Ana miaka themanini," alisema. Asha akamkodolea macho. Themanini? Lile swali la mwisho limebeba kazi yote ya kielezi cha Kiingereza.

Hatua ya nane: jipime

Jaza kila nafasi kwa "incredible", "incredulous", "incredulity" au "sceptical".

1. The view from the top of Kilimanjaro is ___.
2. My grandmother was ___ when my face appeared on the phone.
3. He let out an ___ laugh.
4. It is ___ that nobody was hurt.
5. The bank remained ___ about the plan for months.
6. The promise was greeted with ___.

Ya kwanza ni "incredible", maana mandhari haiamini. Ya pili ni "incredulous", kwa kuwa bibi ni mtu na ameona jambo ghafla. Ya tatu ni "incredulous" pia, kwa sababu kicheko kimetoka kinywani mwa mtu. Ya nne ni "incredible", ule muundo wa "it is" tuliouona. Kwenye ya tano wengi huandika "incredulous" kwa kuwa benki ni watu, lakini tazama "for months": shaka ya miezi ni "sceptical". Ya sita inataka nomino baada ya "with", hivyo "incredulity".

Kisha andika sentensi zako mwenyewe mbili kuhusu tukio moja, moja ikimhusu mtu na nyingine ikihusu jambo. Nakupa tukio: tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Anza na Kiswahili: kasi yake ilikuwa isiyoaminika, mtangazaji wa kufikirika aliisoma saa mara mbili, haamini. Sasa andika Kiingereza: "Bayi's pace was incredible. The commentator, incredulous, read out the time twice."